Ukurasa wa Ila

Mfukoni mwa shati lake kulikuwa na kalamu tatu, na kwa miaka yote niliyomfahamu sikumwona akitumia zaidi ya moja. Siku moja nilijipa moyo nikamwuliza hizo nyingine mbili ni za nini. Aliniangalia juu ya miwani, akasema moja ni ya kuwaazima watu wasiorudisha, na nyingine ni ya kumkumbusha asiwaazime. Hakucheka. Nami nilijizuia mpaka nilipofika nje, maana nilikuwa mgeni kazini na sikujua kama mtu anaruhusiwa kucheka mbele yake.

Tulimwita Karani Mkuu, nami nitamwita hivyo hivyo hapa. Jina lake nalifahamu, lakini sikuwahi kulitamka mbele yake na naona si adabu kuanza leo. Alizaliwa wapi na kwa nani, hilo pia sikuuliza. Alisema Kisukuma kizuri chenye lafudhi ya mahali pengine. Watu wa Kahama walidai ni wa kwao, watu wa Geita wakadai ni wa kwao, naye aliwaacha wote wadai wapendavyo.

Ofisi ya Mabaraza ilikuwa Shinyanga, nyumba ya vyumba viwili yenye bati jekundu, mwendo mfupi kutoka stesheni. Kazi yake ilikuwa kuisimamia miji midogo iliyochipuka baada ya Vita vya Pili: soko moja, maduka mawili matatu, kinu cha pamba, na watu waliotoka kila upande, huyu amekuja na ng'ombe, yule anapita kwenda kutafuta kazi kwenye dhahabu Geita na miguu ikamgomea njiani. Kila mji ulikuwa na baraza lake na kila baraza lilikuwa na katibu wake. Mimi nilikuwa katibu wa mji mmoja upande wa Mhunze, nusu siku kwa baiskeli kutoka ofisini, kama mvua haijanyesha. Mkubwa wa ofisi alikuwa Mwingereza tuliyemwita Bwana Shauri. Mabwana Shauri walikuja na kuondoka, nimewaona watatu, na kila aliyekuja alikuta Karani Mkuu yupo, meza yake ipo dirishani, na saa ya ukutani inasema kweli.

Saa hiyo alikuwa akiiheshimu kupita kiasi. Katibu aliyechelewa alikaa kibarazani mpaka mchana bila kuitwa, hata kama chumbani hakukuwa na mtu. Lakini mtu huyu huyu hakuweza kumpita binadamu njiani bila kumsalimia kikamilifu, yaani mke, watoto, ng'ombe, mvua, na yule shangazi aliyekuwa anaumwa mwaka juzi. Kutoka kwake hadi ofisini ni mwendo wa dakika kumi, na kwa salamu zake ulikuwa mwendo wa saa nzima. Hakupunguza salamu hata moja. Badala yake alitoka nyumbani saa nzima mapema, akasalimia mji mzima, akafika kazini sekunde ile ile saa ikigonga. Mkewe, Mama Shija, alikuwa akituambia kwamba ameolewa na redio, inaanza alfajiri na haina pa kuzimia.

Alikuwa na jambo lake moja ambalo sijaliona katika ofisi nyingine yoyote. Barua iliyotoka pale kwenda kwa baraza ilipita kwanza masikioni mwa Masanja. Masanja alikuwa tarishi, mtu mzima mwenye mvi ndevuni, hodari wa baiskeli kuliko vijana, na hakujua kusoma hata herufi moja. Karani Mkuu alimkalisha kwenye benchi, akamsomea barua kwa sauti huku akiigeuza Kisukuma sentensi baada ya sentensi. Masanja alisikiliza, kofia magotini. Akiitikia kwa kichwa, barua inatiwa muhuri. Akikunja uso, inachanwa.

"Kama haisemeki, haiendi," ndivyo alivyokuwa akisema.

Nakumbuka barua moja kutoka juu, ukurasa mzima kuhusu wauza nyama, yenye vifungu na vifungu vidogo ndani ya vifungu. Ilipofika nusu Masanja aliinua mkono akauliza kwa huzuni, "Kwani hawa wamemkosea nani?" Karani Mkuu aliikunja ile karatasi, akavuta nyingine, akaandika maneno mawili: Funikeni nyama. Wauza nyama wetu wakafunika nyama. Nadhani ndiyo amri pekee ya serikali iliyowahi kutekelezwa sokoni kwetu siku ile ile ilipofika.

Msije mkadhani alikuwa malaika. Alikuwa na majivuno, na hakuyaficha vizuri kama alivyodhani. Katika chumba cha ndani kulikuwa na kiti chenye mikono, cha Afisa Msaidizi, ambacho hakijawahi kukaliwa na Mwafrika. Kiti hicho kilikuwa kitupu muda mrefu, na ilijulikana kwamba Karani Mkuu ameahidiwa. Bwana Shauri akienda safari, yeye mwenyewe alikipangusa vumbi, kazi ambayo ilikuwa ya mfagizi. Hakukikalia. Mara moja tu nilimkuta ameweka mkono juu ya egemeo lake, mkono umetulia pale kama begani kwa rafiki, na aliponiona aliuondoa na kuniuliza kwa ukali nimekuja na nini.

Nyuma ya mlango kulikuwa na koti la kijivu. Alikuwa amelishonesha kwa fundi wa mjini, kitambaa kizuri, vifungo vya pembe, na hakuwahi kulivaa. Lilifunikwa shuka jeupe lisipate vumbi. Alikuwa analisubirisha siku ya cheo. Masanja alituapia kwamba kila mwisho wa mwezi alilifunua, akalikung'uta, akalirudisha. Tulilicheka sana koti lile, na mimi ndiye niliyecheka zaidi. Hilo linanichoma hadi leo, na mtaona ni kwa nini.

Kila baada ya miezi mitatu katibu alijaza Fomu ya Hali ya Mji. Ilibuniwa na mtu wa mbali ambaye sikumjua, na ilikuwa na safu mbili. Upande wa kushoto kuna maneno: hali ya maji, hali ya soko, hali ya barabara, hali ya afya. Upande wa kulia kuna visanduku vya kujibia, upana wa vidole viwili. Mimi nilikuwa na mwandiko mzuri na nikijua hivyo. Mwalimu wangu wa misheni alikuwa akiwaonyesha wengine daftari langu. Basi nilikaa na wino wangu, nikasoma "Hali ya maji", na mkono ukajibu kabla ya kichwa: Nzuri.

Sasa nieleze, maana asiyeishi kwetu ataniona mjinga au mwongo. Sisi tukiulizwa hali hatuanzi na tatizo. Mtu anaweza kuwa ametoka kumzika ndugu yake, ukamwuliza habari akakujibu nzuri, au kwa Kisukuma, mhola. Ndiyo heshima. Unamwambia mwenzako kwamba bado tumesimama, tunaweza kuzungumza. Halafu unavuta pumzi, na yeye anakusubiri, na ndipo unasema: ila mtoto anaumwa, ila ng'ombe wamekufa, ila njaa imetuingia. Habari yenyewe imo kwenye ila. Nami niliandika Nzuri, nikainua kalamu kutafuta mahali pa kuweka ila, na kisanduku kilikuwa kimekwisha.

Na maji yetu yalikuwa balaa. Kiangazi kikianza, wanawake walichimba mashimo katika mchanga wa mto mkavu, wakasubiri maji yajikusanye kwa kikombe. Mwezi wa mwisho kabla ya mvua waligombea lambo moja na mifugo, na watoto wakaharisha. Watu walikuwa wanahama. Familia nzima zilifunga mikeka zikaelekea Geita, wakisema bora vumbi la mgodini penye bomba. Nilijua yote hayo. Mke wangu mwenyewe alikuwa akirudi mtoni na magoti yenye michubuko. Basi nilifanya lile nililoona ni la busara: nilimpa Masanja fomu, nikamwambia kwa mdomo, "Mwambie Karani Mkuu, nzuri, ila maji hatuna."

Masanja alipiga baiskeli nusu siku juani. Alipofika, Karani Mkuu alimwuliza, "Habari za huko?" Masanja akajibu kama mtu mwenye adabu, "Mhola duhu." Nzuri tu. Kisha akasimama akisubiri aulizwe tena. Lakini siku za fomu zilikuwa siku za mrundiko, meza imejaa karatasi za kila mji, na Karani Mkuu alikuwa ameshachukua fomu yangu na kuona neno lile lile kwa mwandiko mzuri. Aliweka sahihi. Masanja, mtu wa heshima, hakumkatiza mkubwa akiwa kazini. Akaenda kunywa uji. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, miezi mitatu baada ya miezi mitatu, kwa miaka mitatu.

Ndipo ukaja mtambo wa kuchimba visima. Ulishuka Shinyanga kwa treni, ukavutwa na trekta, na watu waliufuata kama harusi. Ungezunguka kwenye miji yenye shida ya maji kiangazi kile kimoja, kisha uende wilaya nyingine, na hakuna aliyejua utarudi lini. Orodha ya miji ilitengenezwa kutokana na fomu. Ilipobandikwa niliisoma juu hadi chini, kisha chini hadi juu. Mji wetu haukuwamo.

Sikumwambia mtu. Hiyo ndiyo aibu yangu, na naisema. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu orodha haijatoka.

Wiki iliyofuata Karani Mkuu alikuja kwetu kwa shughuli nyingine kabisa, ugomvi wa mpaka wa soko. Baraza likakaa, wazee wakasema yao, akaandika. Mwisho aliuliza, kama alivyouliza kila mahali, "Na hali yenu kwa jumla?" Wote wakajibu kwa pamoja, mhola. Akafunga daftari.

Akaletewa maji ya kunywa. Aliyeyaleta alikuwa Mama Ngolo, mjane muuza mchele, mwanamke asiyeogopa mtu isipokuwa ng'ombe dume. Yalikuwa ndani ya bilauri, bilauri pekee ya baraza, na yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Karani Mkuu aliyainua kwenye mwanga.

"Mayu," alimwambia, yaani mama, "haya ndiyo maji mnayokunywa?"

"Hayo ni ya mgeni, baba. Yetu hatukutaka uyaone."

"Tangu lini?"

"Tangu tuko hapa."

"Mbona nimewauliza hali mkasema nzuri?"

Mama Ngolo alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Umetuuliza, tumekujibu. Halafu ukafunga daftari. Wewe si mtu wa kwetu? Hukungoja."

Nilidhani atakasirika. Aliweka bilauri mezani polepole, akanigeukia mimi. "Na fomu zako?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, kisanduku, ila, Masanja, mbele ya baraza zima, nikiwa nimesimama. Nilikuwa na hakika kazi yangu imekwisha. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akayanywa yale maji. Aliyanywa yote, na tope la chini. Hakuna aliyethubutu kumzuia.

"Kesho uje ofisini na nakala zako," alisema. "Za miaka yote mitatu."

Niliondoka usiku, nikafika kabla ya saa kugonga. Aliniweka kibarazani, na kwa kuwa mlango wa chumba cha ndani ulikuwa wazi kwa sababu ya joto, nilisikia yote. Bwana Shauri wa wakati ule hakuwa mtu mbaya. Alizungumza Kiswahili taratibu, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Barua yako ya cheo iko njiani," alisema. "Mwezi mmoja tu. Sasa unataka kuwaandikia wakubwa kwamba taarifa zetu za miaka mitatu si za kweli. Na sahihi ni yako."

"Ndiyo, bwana."

"Kosa ni la yule katibu. Andika hivyo."

Nilikuwa nimezishika nakala zangu mpaka zikalowa.

"Katibu aliandika nusu ya jibu," Karani Mkuu alisema. "Nusu nyingine aliileta Masanja mpaka mezani kwangu, akasimama nayo. Mimi nasalimia mji mzima kila asubuhi, bwana, nangoja kila mtu amalize. Yeye sikumngoja."

"Basi subiri huo mwezi mmoja. Ukishapata cheo, andika."

"Mtambo haukai mwezi."

Kisha nilisikia karatasi ikivutwa, na kalamu. Baadaye alimwita Masanja akamkalisha kwenye benchi kama kawaida, akamsomea barua kwa Kisukuma. Hii ilikuwa inakwenda juu, kwa wakubwa ambao wasingesikia Kisukuma hata siku moja, lakini aliisoma vilevile. Ilikuwa fupi. Ilisema kwamba mji huu hauna maji, kwamba taarifa zilisema yapo, na kwamba aliyeziwekea sahihi ni yeye. Masanja alipomaliza kusikiliza hakuitikia kwa kichwa wala hakukunja uso. Alivaa kofia yake akaenda kushika baiskeli.

Mtambo ulikuja kwetu mwisho kabisa, mvua zikiwa zimeanza kunukia. Ulilia siku nyingi, ukatoa vumbi, halafu tope, halafu siku moja mchana watu wakaanza kukimbia kutoka sokoni. Maji yalikuwa meupe. Mke wangu alinawa uso mara tatu, akanitazama, na mimi nililia mbele za watu bila kujali.

Barua ya cheo haikuja. Ilikuja nyingine, ya uhamisho, kwa ukarani ule ule, kwenda boma jipya la Geita ambalo kuta zake zilikuwa bado zinanuka chokaa. Nilikwenda stesheni kumuaga. Mama Shija alikuwa amekaa juu ya masanduku akigawa karanga kwa kila aliyekuja, na koti la kijivu lilikuwa juu ya sanduku la mwisho, ndani ya shuka lake. Nilitaka kumwomba msamaha. Nikamwambia tu, "Safari njema, mzee." Akanipa kalamu moja kati ya zile tatu, akasema hataki kuiona tena.

Kabla ya kuondoka alikuwa ametuachia kitu. Nyuma ya kila Fomu ya Hali ya Mji alibana karatasi tupu, na juu yake, kwa mkono wake, aliandika neno moja: Ila. Hakuomba ruhusa kwa mtu. Miezi mitatu ya kwanza karatasi zilirudi zimejaa mpaka pembeni. Mji mmoja ulisema daraja lake limeoza. Mwingine ulisema mkunga anahitaji baiskeli. Mmoja uliandika kwamba kila kitu ni kizuri, ila katibu anakoroma barazani, na kwa kuwa katibu huyo ndiye aliyeamriwa kuliandika hilo, mwandiko ulikuwa wa hasira sana. Bwana Shauri aliyefuata alidhani ukurasa ule ni wa serikali tangu zamani, akaamuru upigwe chapa. Ukatumika miji yote. Daraja likajengwa. Mkunga akapata baiskeli, na wapo watu wazima leo waliozaliwa kwa sababu alifika kwa wakati.

Miaka ikapita. Watu walikuwa wameanza kuzungumzia uhuru hadharani, sokoni, kwenye treni, na kile kiti chenye mikono kilikuwa kimekaliwa na mmoja wetu, aliyekuwa katibu wa mji mdogo kama mimi. Ndiye aliyenituma Geita kuwafundisha makatibu wa huko kutumia Ukurasa wa Ila. Nilisafiri siku mbili nikiwa nimejiandaa na hotuba. Nilipofika nilikuta makatibu wa Geita wanautumia siku nyingi, na wana mwandiko mzuri kuliko wangu. Nikaulizia nani aliwafundisha, wakanionyesha dirisha.

Alikuwa amekonda. Alibakiza wiki chache astaafu. Kiti chake hakikuwa na mikono.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kalamu yangu umeileta?"

Nilikuwa nayo mfukoni. Alicheka, mara ya kwanza mimi kumsikia akicheka, kicheko chembamba kisicholingana na umbo lake. Tukaulizana watu. Masanja yupo, amestaafu, anafuga kuku. Mama Ngolo yupo, bado anaogopa ng'ombe dume. Wale waliohamia mgodini wengi wamerudi. Halafu nikamwuliza, "Na wewe mwenyewe, mzee, hali?"

"Nzuri."

Nilitaka kuendelea na maneno mengine. Nikajizuia. Nilikaa kimya, nikaweka mikono magotini kama Masanja, nikangoja. Nje wachimbaji walipita wakibishana. Yeye alipanga karatasi, akazipangua, akazipanga tena. Kisha akavua miwani.

"Ila," alisema, "maji yenu sijawahi kuyaonja."

Siku ya kufungua kisima tulichinja ng'ombe. Tulimwalika Bwana Shauri, tukamwalika mtemi, ngoma zikachezwa mpaka vumbi likafunika mji. Mkononi nilikuwa na kalamu ya mtu huyu na mwandiko wangu mzuri, na katika miaka yote ile hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kumwandikia mstari mmoja wa kumwambia karibu. Nikamwambia hivyo hivyo. Sikutafuta udhuru.

"Sasa umeniambia," alisema. "Basi, nitakuja."

Alikuja kiangazi kilichofuata, kwa kivuko, kisha treni, kisha lori la pamba. Tulikuwa tumejipanga njiani tangu asubuhi. Lori liliposimama alishuka kwanza Mama Shija, halafu yeye, akiwa amevaa koti la kijivu. Vifungo vya pembe vilikuwa vinang'aa na mikunjo ya shuka ilionekana mabegani, na kwa kuwa alikuwa amekonda lilimpwaya kidogo. Masanja aliliona akageuka kuangalia upande mwingine kwa muda. Mimi sikuweza kugeuka.

Kutoka kwenye lori hadi kisimani ni hatua mia tatu. Alitumia saa nzima, maana alimsalimia kila mtu, na safari hii alimngoja kila mmoja mpaka aseme ila yake. Walikuwa nazo nyingi: shule ni ndogo, kinu kimeharibika, vijana hawasikii. Alizisikiliza zote.

Mama Ngolo mwenyewe ndiye aliyeshika mpini wa pampu. Alisukuma, maji yakaja, akakinga kwa kata ya kibuyu na kumpa kwa mikono miwili. Karani Mkuu aliinua kata kwenye mwanga kama alivyoinua ile bilauri. Akanywa taratibu, bila kupumzika, mpaka mwisho.

"Yakoje, baba?" Mama Ngolo akauliza.

"Mazuri."

Mji mzima ukanyamaza. Hakuna aliyesogea. Watu walikuwa wanamtazama mdomoni, kwa sababu tulikuwa tumejifunza kungoja, na yeye ndiye aliyetufunza. Alijifuta midomo kwa mgongo wa mkono, akalitazama koti kama halikulowa, akatutazama sisi.

"Ila," akasema, "kata yenu ni ndogo."

Mama Ngolo akaichukua mkononi mwake, akaenda kuijaza tena.